Jiwe la Nguzo ya Saba

Jumatatu, 2 Juni

Angela amekabidhiwa ghala zima! Zima! Nguzo, sakafu, paa, mpaka choo cha madereva wa malori!

Habari yako, daftari. Samahani, salamu imekuja nyuma. Habari kubwa haina adabu.

Nieleze vizuri. Angela wangu, injinia, yule niliyemzaa Bukoba siku ya mvua ya mawe, alikuwa msaidizi kwenye ghala jipya la mizigo hapa kwetu Igoma, Mwanza. Bosi wake ni Injinia Jonathan. Leo Injinia Jonathan amehamishiwa kazi nyingine Misungwi. Ameacha neno: mpaka paa lipande, anayesema "fanya" na "acha" ni Angela. Paa likipanda salama, na ghala linalofuata ni lake. Mtoto wa miaka ishirini na tisa! Wanaume sitini wanamsikiliza! Mimi nina mume mmoja na hanisikilizi.

Watu husema sisi Wahaya tunajisifu. Mimi sijisifu. Nasema yaliyopo. Kama yaliyopo ni makubwa, kosa langu liko wapi?

Nilimwambia jirani yangu mama Queen. Mimi nilikuwa naanika dagaa, yeye anaanika mashuka. Hakushtuka hata kidogo. Akasema hongera, na kabla hajapumua akahamia kwa Queen wake aliyeolewa Dar, nyumba ya ghorofa, meza ya kioo. Hiyo meza naisikia tangu Krismasi. Halafu akauliza, kwa sauti ya kunionea huruma, kama Angela ndiye anayehesabu mifuko ya saruji.

Mifuko!

Akasema mtoto wa kike na vyuma wapi na wapi, jirani, labda wamemweka pale aandike-andike. Nilipofungua mdomo akasema, "Wahaya bwana!" akaingia ndani na beseni lake.

Anataka ushahidi. Ataupata.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda. Kitenge kipya, kilemba kikubwa, kikapu, hotpoti ya ndizi na samaki sato. Mtu hawezi kusimamia wanaume sitini kwa chapati ya barabarani.

Getini kuna mlinzi, Mihayo, kijana wa Kisukuma, mrefu, mpole. Shikamoo yake imenyooka. Lakini kunifungulia hataki. Akasema wageni lazima waandike kwenye kitabu: jina, saa, sababu ya kuja. Kwenye sababu niliandika NIMEMZAA INJINIA. Akasoma mara mbili. Akanipa kofia ngumu. Haikuingia juu ya kilemba, kwa hiyo ilikaa juu juu kama yai juu ya kichuguu.

Halafu nikaingia.

Daftari, mimi nimeishia darasa la saba, sina maneno ya kitu kile. Ni uwanja, lakini uwanja uliosimama. Nguzo za zege mistari miwili, huku na huku, zinakwenda mpaka ya mwisho inaonekana kama njiti ya kiberiti. Katikati hakuna kitu. Hakuna hata nguzo moja! Kanisa letu lingeingia mle mara sita na Paroko angebaki na mahali pa kuegesha gari. Kenchi za chuma, zile za kubeba paa, zimelazwa chini zikisubiri kreni, kubwa, zimepinda kama mbavu za ng'ombe ambaye hakuna mtu amewahi kumchunga. Nilitembea kwa kunyata. Sijui kwa nini. Hata kanisani huwa sinyati hivyo.

Na sakafu! Angela alimwaga maji ya chupa nione. Yalikaa palepale. Hayakujua yaende wapi.

Akanionyesha nguzo ya sita, imesimama juu ya jabali, jabali hasa la Mwanza, la tangu uumbaji. Nguzo ya saba, hatua chache tu pembeni, ilikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Moja haihami, nyingine haitulii, na zote zibebe paa moja. Nikasema hiyo ni ndoa. Akacheka, akasema ndiyo, kwa hiyo ile ya saba walichimba chini, chini, mpaka nayo ikapata jabali lake. Ndiyo iliyomkosesha usingizi kuliko zote.

Nikamwuliza kama haogopi jengo lisianguke. Akasema, "Mama, jengo kama hili haliogopi sana kuanguka. Linaogopa kupaa." Upepo wa ziwani ukiingia kwenye milango ya malori unasukuma paa juu, kama mvuke na kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo kila kenchi inashikwa na bolti, na kila bolti ina tundu lake, zimehesabiwa. Ikipungua hata moja, hakinyanyuliwi kitu.

Nilimzaa mimi huyu. Mimi hapa.

Nyuma ya ofisi yao kuna tangi la maji, na ndani mawe ya zege yamelowekwa kama mihogo. Mazuri, pande zote sawa, makubwa kama mkate wa kopo, yameandikwa namba kwa rangi nyekundu. Nikauliza haya ya nini. Angela akaanza kujibu, simu ikalia, akaondoka anaamuru watu. Anaamuru vizuri sana. Sauti ni yangu.

Jumatano, 4 Juni

Sala ya jumuiya ilikuwa kwa mama Queen. Picha ya meza ya kioo imewekewa fremu. Iko karibu na Moyo Mtakatifu. Karibu kuliko inavyofaa.

Wakati wa maombi niliomba tumshukuru Mungu kwa ghala. Nilishukuru kwa kirefu: nguzo, jabali, upepo. Mwenyekiti akakohoa mara tatu. Mama Queen akasubiri "amina" yangu ipoe, akasema yeye imani yake ni kama ya Tomaso, mpaka ashike. Akina mama wakacheka. Mama Jovinary, ambaye nilimpelekea supu alipojifungua mapacha, naye akacheka!

Nilipofika nyumbani nikamwambia Mzee kwamba mama Queen anataka kushika. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, anaongea kama anayenunua maneno dukani. Akasema asubiri ghala liishe, aende akashike ukuta.

Asubiri! Mpaka Septemba! Mzee hajui vita.

Usiku nimewaza lile tangi.

Alhamisi, 5 Juni

Limepatikana.

Nilikwenda na hotpoti tena. Angela alikuwa juu ya jukwaa, hakuniona. Nikapita nyuma ya ofisi kama mtu anayetafuta choo. Mawe ya kila namba, mengi, yametulia majini. Nikachagua. Moja lilikuwa limeandikwa N7, 12/5. N7! Hiyo si nguzo ya saba? Ile iliyomkosesha mtoto wangu usingizi! Yalikuwa matatu ya namba hiyo. Mabaki ya zege, nikajua, wameyaloweka yasichafue mazingira. Nikachukua moja. Moja tu, Mungu ananiona.

Lakini uzito wake! Kama mtoto wa miezi sita, tena mtoto wa Kihaya. Nikaliweka chini kwenye kikapu, hotpoti juu, kitenge juu ya hotpoti.

Getini Mihayo, kijana mwenye malezi, akasema mama ngoja nikutwishe. Akainua, akasita. Akasema, "Mama, leo chakula hakikuliwa?" Nikamjibu kwamba injinia ana mawazo mengi, hakula. Akasema poleni sana. Akanitwisha.

Shingo inauma mpaka sasa. Uongo ule unauma kidogo pia, lakini shingo zaidi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Roho Mtakatifu alishuka, na mama Queen pia alishuka.

Jiwe liko sebuleni juu ya kigoda, chini yake kitambaa changu cha kufuma, cheupe, kile cha harusi. Baada ya misa nikawaita wote chai. Nikafunua taratibu. Nikasema, ndugu zangu katika Kristo, hii ni nyama ya nguzo ya saba, iliyosimikwa na Injinia Angela Rugemalira katikati ya mbuga mpaka kwenye jabali. Shikeni.

Walishika! Mama Jovinary alilinusa. Mwenyekiti alijaribu kuliinua akaacha. Mama Queen akalipapasa upande huu, upande ule, akakosa neno. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja, sijawahi kumwona amekosa neno. Mwisho akaomba kupiga nalo picha.

Picha! Na jiwe langu!

Walipoondoka, Mzee akavaa miwani, akainama. Akauliza limetoka wapi. Nikasema saiti, yamejaa. Akasema, "Mama Angela, kitu chenye namba kina mwenyewe." Nikamwambia anaharibu sikukuu.

Jumatatu, 9 Juni

Ee Mungu wangu.

Angela amekuja jioni kutoka saiti. Hakula. Mimi mtoto wangu akikataa ndizi najua pana msiba.

Akakaa sebuleni. Nilikuwa nimelifunika jiwe na kitambaa, juu nikaweka maua ya plastiki, ili siku akilikuta liwe zawadi ya ghafla. Akasogeza maua, akaweka kikombe chake cha chai palepale juu. Akaanza kumsimulia baba yake.

Kumbe yale siyo mabaki.

Kumbe wakimwaga zege la nguzo, wanachota lilelile wanajaza visanduku vya chuma. Yakishika wanayaloweka siku ishirini na nane, halafu yanapelekwa maabara, mashine inayakandamiza mpaka yavunjike. Jinsi jiwe lilivyovumilia ndivyo nguzo itakavyovumilia. Leo ndiyo ilikuwa siku ya nguzo ya saba. Jiwe la kwanza limevumilia thelathini na nne. Wanataka thelathini. La pili ishirini na tano tu! Moja linasema nguzo nzima, moja linasema mbovu. La tatu ndilo lingeamua. La tatu halipo.

Alisema halipo, halafu akanywa chai, akarudisha kikombe juu yake.

Jibu lake lote lilikuwa chini ya kile kikombe. Mzee aliniangalia kwa juu ya miwani, kwa muda mrefu, kama zamani alivyokuwa anamwangalia mtoto aliyekojoa darasani.

Kreni imeshatoka Dar, inafika Alhamisi. Bila jibu la nguzo ya saba hakuna kenchi inayopanda. Injinia Jonathan anarudi kesho kutoka Misungwi kuangalia, na Angela anasema kama hana maelezo, saiti atairudisha mikononi mwa bosi na jina lake halitatajwa tena kwenye ghala lolote. Alisema hivyo bila kulia. Afadhali angelia.

Ningesema. Mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni kumwuliza kama aongezewe sukari.

Alipoondoka, Mzee akasema neno moja. "Rudisha."

Jumanne, 10 Juni

Mpango ulikuwa mzuri. Narudia: mpango ulikuwa mzuri.

Usiku kucha jiwe lililala kwenye beseni la maji lirudie hali yake. Kwa vile wageni walilishika na mikono ya maandazi, kwanza nililisugua. Sabuni ya unga, brashi ya viatu. Likatakata! Nia yangu ilikuwa kulitumbukiza tangini kimya kimya, walione, wamshukuru Mungu.

Getini nikakuta mlinzi mgeni. Mihayo amesimama pembeni, hana sare, anasubiri kuitwa. Nikamwuliza vipi. Akasema kuna kitu kimepotea tangini, na zamu ilikuwa yake, ameshaambiwa akusanye vitu vyake. Halafu, daftari, akaangalia kikapu changu, akasema, "Mama, lete nikutue, shingo itauma."

Kijana wa watu. Nimemwachia uongo, naye ananitua mzigo.

Nikakaza kitenge. Nikapiga kelele palepale getini kwamba mwizi ni mimi, Suzana, mke wa Rugemalira, na huyu kijana wamrudishie sare yake sasa hivi. Angela akatoka ofisini, Injinia Jonathan nyuma yake, mafundi wakaacha makoleo. Nikalitoa jiwe. Linang'aa.

Angela hakupaza sauti. Alilichukua, akaligeuza pande zote akitafuta namba. Namba zilibaki kwenye brashi. Akalinusa.

Akasema, "Mama. Umelifua?"

Nikajibu kwamba lilikuwa na mafuta ya maandazi.

Injinia Jonathan aligeuka kuangalia nguzo, mabega yanamtikisika. Mwanzoni nilidhani analia.

Jiwe halifai tena. Siku tano nje ya maji, halina namba, hakuna anayeweza kuapa kuwa ndilo. Imebaki njia moja: kuitoboa nguzo yenyewe na kutoa kipande. Injinia Jonathan amempa Angela mpaka Alhamisi. Mihayo amerudishiwa sare. Angela ameniambia niende nyumbani, tutaongea. Alisema "tutaongea" kwa sauti yangu.

Jumatano, 11 Juni

Jumuiya sikwenda. Nimesema naumwa shingo, ambayo ni kweli.

Asubuhi Angela alimtuma Mihayo kwa bodaboda anichukue. Nilijua ni polisi. Kumbe alitaka nione. Akasema nimeona jiwe, sasa nione jiwe linavyopatikana kwa shida. Nikasimama nyuma ya kamba, mikono nyuma kama mtoto wa chekechea. Yeye ndiye aliyetaka mikono nyuma.

Wamefunga mashine kwenye nguzo ya saba. Kwanza wamepitisha kifaa juu ya zege kujua nondo zimelala wapi, wasizikate. Chuma kile kina mdomo wa duara, kinazunguka, maji yanatiririka meupe kama uji. Nguzo ilinguruma. Nilihisi kwenye miguu. Nikasali rozari kwa vidole, nyuma ya mgongo.

Kikatoka kipande kirefu, cha mviringo, kama muhogo uliomenywa. Angela akakipakata kwa mikono miwili. Akanisogezea. Kwa mara ya kwanza nikaona ndani ya nguzo: kokoto zimebanana, nyeusi, nyekundu, nyingine zinang'aa, hakuna nafasi kati yake hata ya kuingiza sindano. Kama kashata! Nikamwambia hivyo. Akasema ndivyo inavyotakiwa iwe, mama, kama kashata. Midomo ilimcheza kidogo.

Kitu kile kinasimama kwenye mbuga na ndani ni kizuri hivyo, na hakuna mtu atakayekiona tena. Wataziba tundu. Paa litapanda, malori yataingia, watu watashusha samaki na pamba na vitenge, na hakuna atakayejua. Nilitokwa machozi. Fundi mmoja akanipa kitambaa chenye saruji, sasa jicho limevimba.

Alhamisi, 12 Juni

Imepita! IMEPITA!

Angela amepiga simu mwenyewe. Nguzo ya saba ni nzima kuliko hata zege lilivyopangwa. Lile jiwe la pili lililofanya vibaya, kumbe fundi hakulishindilia vizuri kwenye kisanduku, lilikuwa na tundu kwa ndani kama jino bovu. Nguzo haikuwa na kosa, jiwe ndilo lilikuwa na kosa.

Injinia Jonathan amerudi Misungwi. Saiti ni ya Angela. Kreni imefika, ndefu, inafunga barabara. Kenchi ya kwanza inapanda Jumamosi.

Halafu Angela akasema hataki kuniambia hili lakini atasema: hata jiwe langu lingekuwepo, kama nalo lingeyumba wangebishana wiki nzima. Kuitoboa nguzo kumemaliza ubishi.

Nimelifikiria hili kwa makini. Kwa maneno mengine, nimeliokoa ghala.

Nilimweleza Mzee. Akaenda kulala saa moja na nusu.

Angela amesema Jumamosi nije. Peke yangu. Nyuma ya kamba. Nisishike kitu. Nikamwambia mwanangu, mtu hafundishwi mara mbili.

Ijumaa, 13 Juni

Mama Queen aliniuliza leo kwenye ua, mbele ya mama Jovinary, lile jiwe langu liko wapi, mbona kigoda kitupu. Nikasema limerudi kazini. Wakaangaliana. Akasema basi ndiyo hivyo, vya kuazima havikai. Na Queen ametuma picha nyingine. Makochi.

Nikasema ndani ya moyo wangu: sawa.

Nilikwenda saiti na hotpoti. Safari hii ilikuwa ya Mihayo, sato mzima, mtoto yule nina deni naye la heshima. Alipokuwa anakula nikapita kuziaga kenchi, maana kesho zitakuwa juu na sitazigusa tena maishani. Pembeni yake kuna masanduku ya bolti. Daftari, bolti gani zile! Nene kama mchi mdogo, zinang'aa kama fedha, kila moja na nati yake. Ndizo zinazolizuia ghala zima lisipae! Zimepangwa mistari, mamia, zinafanana kama mapacha wa mama Jovinary.

Zimejaa sana. Na hizi hazina tarehe wala namba. Nimeangalia vizuri, kwa sababu mimi ni mtu wa kujifunza.

Mihayo siku hizi ni mkali. Alikagua kikapu mpaka chini, akafungua hotpoti, akatikisa kitenge. Hakukagua kilemba.

Iko hapa mezani juu ya kitambaa cheupe. Nimeipaka mafuta ya nazi. Nimeshawapigia simu wote, mwenyekiti, mama Jovinary, kwaya, mama Queen na shemeji yake wa Misungwi. Waanzie kwangu wapate chai na kuishika bolti, halafu twende wote kwa miguu tukaone mtoto wangu anavyoamuru kenchi ya kwanza ipande. Angela hajui. Nataka afurahi.

Ni kesho, Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi.